Miwani Isiyo ya Kukulia

Tulikuwa watano katika chumba cha macho cha hospitali kule Haydom. Bibi, mama yake mama yetu, alikaa karibu na mlango ili awahi kutoka kama ingeletwa sindano. Alikuwapo jirani yetu muuza mitumba, na mtaalamu wa macho, mwanamke ambaye sisi tulimwita daktari tu. Alikuwapo mdogo wetu wa mwisho, wa miaka mitano, ambaye safari yote ilikuwa yake. Na mimi, kaka mkubwa, kijana wa miaka kumi na sita. Nimewakumbuka kwa sababu jana, nikitafuta mbegu za alizeti katika sanduku la mama, nilikuta miwani ya siku ile. Ni ya plastiki, nyekundu, na ni ndogo kiasi kwamba inalala katika kiganja changu na nafasi inabaki.

Nyumbani kwetu Gehandu hakuna mtoto aliyepata kununuliwa kitu kinachomtosha. Kaptula yangu ya darasa la kwanza ilipita magoti, nikaifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Ilipoanza kunitosha ilikuwa imeshapauka, ikawa zamu ya anayenifuata. Viatu tulivijaza matambara mbele. Mnadani mama alikuwa akishika nguo, anaipima mabegani mwetu, anasema, "Hii ni ya kukulia," na hapo mjadala umekwisha. Hadi leo nikipita penye marobota ya mitumba yakifunguliwa, ile harufu yake ya vumbi na dawa hunirudishia sauti yake.

Mdogo wetu alizaliwa na sindromu ya Down, hali inayochelewesha ukuaji wa mtoto. Watu walikuja kumwona mama, wakanywa chai yake, na mmoja wao akamwambia asijichoshe sana, kwani watoto wa namna ile hawafiki mbali. Mama hakugombana naye. Mnada uliofuata alirudi na sweta la bluu la mtoto wa miaka kumi, akamfunika nalo yule kichanga. "La kukulia," alisema. Baba alikuwa ameshatangulia. Mama naye alituacha wakati sweta bado linaburuta chini. Nilikuwa kidato cha pili. Nilirudisha vitabu vya shule, nikashika jembe.

Jioni, tulipokaa kuchambua maharage, mdogo wetu alisogeza kila punje hadi puani. Tukadhani anainusa. Kizingiti kilekile kilimwangusha kila siku. Mwalimu wa darasa la awali alituambia kwa upole kwamba mtoto anakaa tu, ubao hautazami, na kama hali ni hiyo hadi shule ifunguliwe tena, afadhali abaki nyumbani. Aliyeshtuka ni jirani. Alisimama mlangoni akiwa ameinua pipi, kimya, na mtoto hakugeuka. Alipoichakarisha karatasi yake, akageuka mara moja.

"Huyu haoni," jirani alisema. "Mnaisingizia akili bure."

Ndiyo maana siku ile aliacha sehemu yake mnadani akapanda basi pamoja nasi. Alisema kazi ya kuchagua vitu vya kuvaa hawezi kutuachia sisi.

Daktari alimmulika mtoto macho kwa tochi ndogo, akamsifia, akampa kifuniko cha chupa achezee. Kisha akaweka fremu mezani. Jirani akawahi moja kubwa, ya rangi ya dhahabu.

"Hii hapa! Mwone, kama mkuu wa shule!"

Mtoto aliinamisha kichwa, ikaanguka mapajani.

"Pua yake haina pa kuikalisha," daktari alisema. "Na masikio ni madogo. Tunataka nyepesi, yenye daraja la chini, hapa panapokaa puani." Akachukua ile nyekundu.

"Hiyo itambana mwakani," nikasema. "Tupe ya kukulia, daktari."

"Miwani hainunuliwi ya kukulia, kijana. Jicho lisipokuwa katikati ya kioo, hujamsaidia kitu."

Niliiokota ile ya dhahabu mapajani mwa mtoto. Jirani alidhani nawaza bei, akaanza kumbembeleza daktari. Sikuwa nawaza bei. Niliona kwamba nikichukua ya kumtosha leo tu, nimekubaliana na yule mgeni aliyekunywa chai ya mama.

"Mama angechukua kubwa," nikasema.

Daktari alikuwa akiifuta ile nyekundu kwa pindo la koti lake, wala hakuinua macho. "Akikua mtaniletea tena. Mwakani, mkishavuna. Na mwaka utakaofuata. Uso utakuwa umepanuka, tutachagua nyingine."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja siku za mnada. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mwingine, tangu mama, akimpangia mdogo wetu miaka ya mbele. Nikaipokea ile nyekundu.

Tulikula viazi vitamu barazani tukingoja vioo vikatwe. Tuliporudi, miwani ilimkaa vizuri, ila alipocheka iliteleza. Daktari akasema tukifika nyumbani tushone mkanda wa kuipitisha nyuma ya kichwa. Jirani hakungoja kufika nyumbani. Aliomba mkasi, akageukia ukutani.

"Usinitazame, kijana."

Alichomoa lastiki ya kiuno cha sketi yake, akaifunga kwenye miwani. Mtoto akamtazama usoni kwa muda, akanyoosha kidole, akagusa pengo la meno yake, akacheka hadi akayumba. Miwani haikusogea. Kisha akamwendea bibi, akashika mashavu yake kwa mikono miwili.

"Huyu ananihesabu makunyanzi," bibi akasema, lakini hakumwondoa.

Njia nzima jirani alishika sketi kwa mkono mmoja na kiti cha mbele kwa mwingine, na mtoto alitutajia kila ng'ombe aliyemwona dirishani. "Nakudai sketi," jirani aliniambia. "Na iwe inayonitosha. Mimi nimeshamaliza kukua."

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alimweka dawati la mbele, naye akakaa akiutazama ubao. Bibi hayupo tena. Kizingiti kile tumekisawazisha kwa saruji, na wanangu wananunuliwa nguo za kuwatosha, wanazoziacha kabla hazijapauka. Lile sweta la bluu lilimkaa mdogo wetu sawasawa mwaka mmoja, kisha likambana, akalikataa mwenyewe akitaka lenye zipu.

Jirani alihamia Katesh kwa binti yake. Nimeshampelekea sketi mara mbili. Ya kwanza aliijaribu akasema inambana. Ya pili akasema anaogelea ndani yake, akanirudishia huku anacheka, akasonga ugali tukala. Safari ya mwisho nilimpima kiuno kwa uzi, nikafunga fundo mahali ulipokutana. Uzi huo ninao mfukoni. Sketi bado ananidai.