Vitabu vya Debora

Ipo siku moja isiyonitoka moyoni, mwanangu. Mimi na baba tulishinda kituoni Kitai tukingoja basi la kutoka Songea, mvua za mwisho zinanyesha, na kila gari likitokea baba anasimama. Tulikuwa tunangoja boksi la vitabu vya mdogo wangu, Debora.

Debora alikuwa darasa la saba. Aliteleza kwenye matope ya kwetu Litumbandyosi akavunjika paja, akafungwa plasta, na shule ilikuwa mbali. Mwalimu mkuu akakubali asomee nyumbani, aje siku ya mtihani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapewa kazi ya kumfundisha. Kwa vitabu gani sasa? Enzi zile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kitu kinauzwa, na baba akaona tangazo gazetini: vitabu vyote vya darasa la saba, vilivyotumika, nusu bei, vinatumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Akaagiza bila kumwuliza mtu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, ila baba yangu, Mungu amrehemu, alilipenda sana neno “nusu bei.”

Boksi likafika, tukaanza kusoma. Wiki ya pili Debora akaniuliza, “Dada, nchi yetu ina chama kimoja au vingi?”

Nikakitazama kitabu. Kilikuwa cha Siasa, somo lililokwisha kufutwa. Wenzake shuleni walikuwa wanasoma Uraia. Nikapekua vingine. Cha Jiografia kimenyofolewa kurasa. Cha Hisabati ni cha darasa la sita, kimebandikwa jalada la darasa la saba. Baba alikuwa akiwaonyesha wageni lile boksi kwa fahari. Ningeanzia wapi kumwambia? Kila alipouliza kama vitabu vinasaidia, nilijifanya nachochea moto.

Ndipo alipokuja shangazi, dada mkubwa wa baba, kutoka Chiwanda, na kapu lake la usipa wakavu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Mbona umekonda hivyo?”

Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akichambua wale samaki.

“Unaogopa uso wa baba yako,” akasema, “huogopi siku Debora atakapofungua karatasi ya mtihani? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Inuka, twende.”

Baba alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikamkabidhi vitabu, nikamwonyesha. Alifunua kurasa taratibu, nami nangoja kufokewa. Hakufoka.

“Mdogo wangu,” shangazi akamwambia, “ulimwuliza nani kabla ya kuagiza?”

Baba aliinuka. Alivaa viatu akaenda shuleni, akarudi jua linazama, ameongozana na mwalimu wa Uraia mwenye vitabu vya kutuazima.

Tulisoma kwa hofu, mwanangu. Siku ya mtihani Debora alipelekwa kwa baiskeli, mguu haujakunjika vizuri, nami nikakaa nje ya darasa nikisali. Miezi ya kungoja majibu baba alikuwa hamalizi chakula. Debora alichaguliwa kwenda sekondari. Lakini mwalimu alituambia wazi kwamba aliponea chupuchupu.

Sasa nasikia unataka kumfundisha mwanao nyumbani, na kwenye simu umeona mtu anauza mtaala mzima uliotumika, kwa bei ya chini. Sikukatazi. Kitabu kilichopita mikononi mwa watu hakina kosa. Ila mwambie muuzaji akupigie picha za kurasa za ndani, si jalada tu. Mwulize ni mtaala upi, wa zamani au wa sasa, kisha picha hizo mwonyeshe mwalimu anayefundisha leo, kabla hujatuma hela. Kuuliza si ujinga. Na ukigundua umeuziwa kisichofaa, sema siku hiyo hiyo, hata kama ni aibu. Mtoto hajui kwamba anafundishwa yaliyopitwa na wakati, yeye anakuamini wewe.

Mungu akupe subira ya kuchunguza na ulimi wa kusema mapema. Mwanao asome kwa amani, na siku atakapoketi mbele ya mtihani, moyo wako utulie kuliko ulivyotulia wetu. Amina.