Sweta Iliyotoka Baharini

Katika mji wa Kairuani hakukuwa na mfumaji wa mazulia asiyemjua Saluha, msokotaji wa nyuzi. Mumewe alifariki mapema, naye akamlea mwanawe wa pekee, Wajdi, kwa kazi ya sufu. Ukimwekea sufu mapajani, aliipapasa huku mnapiga soga, akatenga ya begani mwa kondoo upande huu na ya tumboni upande ule, macho yake yakiwa kwako.

Wajdi alipochoka kukaa bila kazi, aliungana na vijana wenzake wakapanda mashua kwenda Italia. Mashua haikufika, wala hawakurudi.

Tangu hapo mikono ya Saluha ikapotewa na ujuzi wake. Moto ukimuunguza alijua, lakini sufu yote ilikuwa sawa kwake, nzuri na mbaya. Aliishika huku moyo wake uko majini.

Siku moja Naziha, jirani yake mfumaji, alimrudishia kibunda cha uzi.

"Mama Wajdi, huu ni wa zulia au wa kumfungia punda?"

"Mbona uko sawa."

"Hebu pitisha kidole hapa."

Saluha akapitisha. "Sioni kitu, dada."

Naziha akaacha utani. Kesho yake akampeleka kwa daktari, naye akamdunga vidole kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Kila kidole kilishtuka.

"Vidole ni vizima, mama," daktari akasema. "Ila naona wewe mwenyewe hupo."

Wakati wa baridi ilikuja simu kutoka mji mmoja wa pwani ya kusini. Wavuvi walikuwa wameopoa maiti ya kijana. Sura ilikuwa haitambuliki tena, ila alikuwa amevaa sweta ya sufu, iliyofumwa kwa mkono. Wajdi aliondoka na ya namna hiyo, aliyofumiwa na mama yake. Saluha akaondoka na Naziha.

Aliyewapokea kwenye chumba cha maiti alikuwa mzee mpole, ambaye wote walimwita Ami Saduki. Akaitandaza sweta juu ya meza. Chumvi ilikuwa imeikausha, na rangi yake haikujulikana tena.

"Taratibu, mama," akasema. "Hakuna anayekukimbiza."

Saluha akaweka kiganja, akakiondoa papo hapo.

"Siyo yake. Hii ngumu kama gunia. Mimi sijapata kusokota kitu kama hiki."

Wala hakusema uongo. Ndivyo mkono wake ulivyomwambia. Akatoka nje, kifua kimemfunguka kidogo. Naziha akamkuta uani.

"Mama Wajdi, umeigusa au umeisukuma?"

"Kwani wewe unataka mwanangu awe amekufa?"

"Hasha. Ukisema siye, nami nitasema siye mpaka naingia kaburini. Lakini iguse kwanza."

Saluha alimkasirikia, akakaa kwenye ngazi amempa mgongo. Kisha akainuka, akarudi ndani, akaomba beseni la maji baridi.

Akaloweka mkono mmoja wa sweta, akausuuza chumvi polepole, akafumba macho. Mwanzo alipata ubaridi tu, na umajimaji. Akili ikakimbilia kwenye mawimbi, akairudisha. Ikakimbia tena, akairudisha. Akajikataza kuuliza ni ya nani. Akatafuta uzi mmoja tu, akaufuata.

Ulikuwa wa sufu ya begani, ndefu. Ulisokotwa kwa mkazo, kisha ukalegea kidogo, kisha pakawa na kifundo mfano wa mbegu ya ufuta. Kidole gumba cha Saluha kilipinda tangu utotoni, na kila alipounga sufu mpya kiliacha kifundo kama hicho. Akaenda mbele, akakuta kingine. Akaenda tena, kingine. Sweta ile ile iliyokuwa gunia ikalainika mikononi mwake. Karibu na mwisho wa mkono wa sweta akagusa mshono ambapo aliwahi kuifumua na kuirefusha, maana Wajdi alirefuka mikono kabla ya kitu kingine chochote.

"Uzi ni wangu," akasema. "Na huyu ni mwanangu."

Ami Saduki akainamisha kichwa. "Mungu akupe subira, mama."

Wakamzika huko huko, kwenye makaburi ya wageni, ambayo mengi yake hayakuwa na majina. La Wajdi likaandikwa jina. Hapo ndipo Saluha alipolia kwa mara ya kwanza.

Alirejea kwenye sufu, lakini soga hakurudia. Akichambua alinyamaza, na majirani walidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni kweli, na tena kazi hiyo sasa aliifanya akiwa yupo mwenyewe.

Habari zikaenea. Akina mama waliopotelewa na wana wakaanza kumwomba awasindikize pwani, naye hakumkatalia mtu. Nguo za maiti hakuzigusa kwa niaba yao. Alikaa kando ya mama, akashika kiwiko chake.

"Usiulize ni ya nani," alikuwa akimwambia. "Niambie kwanza ni nini."

Mara nyingi nguo ilikuwa ya mtoto wa mwingine.