Saipresi ya Saba

Baba alikuwa seremala hapa Bahati, na hakuna kitu alichokidharau kama mbao za kiwandani, zile za maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Aliziita biskuti. "Hiyo ikiona maji tu, kwisha," angewaambia wateja.

Kando ya shamba alikuwa amepanda saipresi saba. Sita zilikuwa za kuzuia upepo. Ya saba ilikuwa ya jeneza lake. Kila Krismasi aliizungushia utepe wa kupimia, akatangaza kwamba bado kidogo, na mama akamkemea kwa kujichuria kifo.

Kisha serikali ikapiga marufuku ukataji miti msituni. Nia ilikuwa njema, sikatai. Mito yetu ilikuwa imekonda. Lakini msitu ulipofungwa, mbao ziliadimika, karakana ya baba ikanyamaza, na madalali wakaanza kuingia mashambani na misumeno ya petroli.

Mimi ndiye niliyemsukuma auze. Nilichoka kumwona akipiga msasa kipande kilekile kutwa nzima. Alikubali kuuza sita. Dalali akaitazama ile ya saba, akatazama lori lake.

"Mzee, gari haijajaa. Ama nibebe zote, ama niache zote."

Baba alinigeukia mimi, si dalali.

"Uza tu, Baba," nikasema. "Wewe bado uko na nguvu. Tutapanda ingine."

Wepesi niliosema nao maneno hayo unanikera hadi leo. Aliingia nyumbani kabla msumeno haujawashwa.

Hatukupanda. Upepo ulilaza mahindi yetu misimu miwili, na wa tatu haukumkuta baba. Wakati huo marufuku ilikuwa imeondolewa. Tulipokuwa tukipanga mazishi, malori ya magogo yalipita langoni, lakini hayo yalikuwa mabichi, na mbao iliyokauka vizuri haikupatikana popote. Nikaenda Nakuru mjini, nikanunua jeneza lililong'aa kama kabati la sahani. Nililigonga kwa kidole. Lilikuwa biskuti, na nililijua hilo nikililipia.

Siku ya kuzika, mchungaji alikuwa katikati ya sala manyunyu yalipoanza. Tulikuwa na mwavuli mmoja, na nilikuwa nimeushika juu ya mama. Nikasogea, nikaushika juu ya ubao wa jeneza, upande wa kichwa. Mama alilowa hadi mwisho wa ibada.