Mgongo Wangu Ulipona Jumapili

Tangu Jumanne sikai, silali, nazunguka meza tu, na wa kulaumiwa ni mdomo wangu.

Mimi ni Mkenya niliyetumikia jeshi la Marekani, na huko ndiko nilikoumia mgongo. Mguu wa kushoto unawaka moto mpaka vidoleni. Walionipima ulemavu ili nilipwe fidia walisema maumivu yangu ni madogo, nikakata rufaa. Mama Achieng', anayenisaidia na makaratasi ya rufaa hapa Buffalo, Marekani, akaniambia nitafute barua ya ushahidi ya mtu anayeniona nikiteseka. Nikamwomba pasta wetu. Nani angembishia pasta?

Jumapili pasta akaita wagonjwa mbele. Nikaenda nikichechemea. Akaniwekea mkono mgongoni, akaomba mpaka akatokwa jasho, kisha akanisogezea maikrofoni. "Ndugu Kioko, unasikiaje sasa?"

Kanisa zima lilikuwa likinitazama. Ningemwaibishaje mtumishi wa Mungu? "Nimepona!" nikasema. Hata nikaruka, mara mbili, mjinga mimi. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikarudi kwenye kiti nimekaza meno, machozi yakinilengalenga, na watu wakadhani ni ya furaha.

Jumanne Mama Achieng' akanipigia simu. "Pasta amepeleka barua ofisi ya rufaa, nami amenitumia nakala. Ukurasa wa kwanza anaeleza vile umeteseka miaka hii yote."

"Bwana asifiwe!"

"Ngoja kwanza. Ukurasa wa pili anasema Jumapili Mungu alikuponya mbele ya macho yake. Na ameambatanisha video yako ukiruka."