Mzee Asiyeitikia Shikamoo

Mwaka Manyara ilipofanywa mkoa, mfanyabiashara wa Katesh aliniajiri nilinde ghala lake Nangwa, nalo lilikuwa tupu, likingoja mavuno. Nilihamia huko na mke wangu, nikakaa bure mpaka kichwa kikaanza kujitafutia kazi.

Kila asubuhi, ndani ya ukungu, mzee mmoja alisimama katikati ya shamba la mtama akinitazama. Nilimwamkia kwa sauti, hakuitikia. Siku ya nne nikaamini ananiloga. Mimi, msomi wa kidato cha nne, nikaenda kupiga magoti kwenye tope, macho chini.

“Shikamoo mzee. Kama nilikukosea, nisamehe.”

“Marahaba,” ikaitikia sauti ya kike nyuma yangu.

Alikuwa Mama Paulina, mwenye shamba, ameshika jembe.

“Mkeo alinipa hilo niuvike mti, nitishie ndege. Sasa mwanangu, mbona unaliomba radhi koti lako mwenyewe?”