Jina Ambalo Sikuliita

Tulikuwa tunaanua korosho uwanjani, nje ya ghala la Makote, mimi na wanawake wenzangu wa kibarua. Mdogo wangu wa kike alikuja kunisaidia kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Pale kazini waliniita mama asiyepita leba, maana wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikawalea wadogo zangu.

"Mama asiyepita leba, mwambie binti yako avute turubai," alisema mama mmoja mtu mzima. Tukacheka.

Mvua ilikuwa bado. Wingu lilikuwa mbali, upande wa Tandahimba. Mdogo wangu akaenda kufuata gunia lililobaki chini ya mkorosho. Ghafla vinyweleo vya mikono yangu vikasimama. Ukaja mwanga, kisha sikusikia chochote.

Masikio yalipozibuka, nilisikia harufu ya korosho zilizochomwa. Zile za kwenye gunia zilikuwa zimeiva, zinafuka moshi. Mdogo wangu alilala kando yake, macho wazi. Hakuna aliyelia. Wanawake walisimama mbali, wameshika midomo. Nilipofungua mdomo wangu nimwite, yule mama akauziba kwa kiganja.

"Usimwite jina. Radi ikisikia itajua imemkosa. Wala usimguse."

Sikubishana. Nimekua nikisikia hivyo: aliyepigwa na radi halizwi wala haitwi. Lakini nani angemgusa kama si mimi? Nikaenda, nikapiga magoti, nikamtikisa bega bila neno, kama ninavyomwamsha asubuhi nyumbani. Bega lilikuwa la moto. Nikamtikisa tena. Nyuma yangu mtu alisema taratibu, "Mwacheni, ni damu yake."

Kifua kikapanda. Akavuta pumzi ndefu, akageuza macho kutazama juu, kwenye matawi yaliyopasuka.

"Dada," akanong'ona, "nani ananiita?"

Uwanja mzima hakuna aliyekuwa amemwita. Nikamziba masikio kwa viganja vyangu, nikamwambia asiitike.

Kazi iliishia hapo. Mvua ilipoanza korosho zililowa zote, na hakuna aliyerudi kuzianua. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati, kichwa chake nimekifunga kanga.

Amepona. Ila wingu likitanda huacha anachofanya, akageukia mlangoni, na mimi huwahi kumwambia, "Hakuna aliyekuita."