Mstari Uliokataa Kupanda

Kiwandani kwa magodoro walimwita Mama Takwimu. Kazi yake ilikuwa ripoti ya mauzo, na kwa miaka sita aliifanya kama alivyoikuta: mauzo ya mwezi yanajumlishwa na yote ya miezi ya nyuma, mchoro unachorwa, meneja wa mauzo anapiga meza na kusema, "Tunapanda tu."

Meneja huyo alikuwa mtu wa suti mbili na maneno elfu. Mei ya mwaka uliopita aliondoa lori la kupelekea wateja mizigo. Anayetaka godoro alibebe kichwani.

Februari, Mama Takwimu aliutazama ule mchoro akacheka peke yake. Jumla ya kulimbikiza haijui kushuka. Hata mkiuza mto mmoja mwezi mzima, itapanda kwa mto mmoja. Akapiga hesabu upya: kila mwezi, jumla ya miezi kumi na miwili ya karibuni, basi. Mstari ukaporomoka kama mlevi kwenye ngazi.

"Umeharibu ripoti," meneja akamwambia kikaoni.

"Bosi, sijagusa namba hata moja."

"Mbona inashuka?"

"Kwa sababu tunashuka."

Mwenye kiwanda, bibi wa miaka sabini ambaye vikao vyote huvipitisha akisinzia, akafungua jicho moja. "Nieleze, mwanangu. Kwa lugha ya binadamu."

"Bibi, chukulia benchi la watu kumi na wawili. Akija mgeni, aliyetangulia kukaa anainuka. Wanaokuja ni wembamba, wanaoinuka ni wanene. Benchi linazidi kuwa jepesi."

"Tangu lini?"

"Tangu Mei."

Bibi akamgeukia meneja, ambaye ghafla aliiona kalamu yake kuwa kitu cha ajabu sana. "Mei si ndipo ulipouza lori langu?"

Wiki iliyofuata lori likanunuliwa. Mstari ukaendelea kushuka. Februari, Machi, Aprili. Meneja akawa anapita mlangoni kwa Mama Takwimu akipiga mluzi. Mama Takwimu alijua kwamba miezi minono ya kabla ya Mei ilikuwa bado inatoka kwenye hesabu, lakini kujua si kulala. Akakonda hadi sketi ikahitaji pini.

Mumewe, fundi cherehani, akamwambia, "Ungewaachia mchoro wao wa uongo, mke wangu. Ulikuwa unakukera nini?"

"Ulikuwa na jina langu chini."

Mei ilipofungwa, mstari ukainuka kwa magodoro arobaini na moja. Mama Takwimu akaenda chooni, akajifungia, akacheza bila muziki mpaka mtu akagonga kuuliza kama ni mgonjwa.

Meneja aliondoka Juni, akaenda kuuza matangi ya maji. Bibi akamuuliza Mama Takwimu kama anakitaka kiti cha meneja.

"Hapana, Bibi. Kusema sana siwezi. Ila kile kiyoyozi chake nakiomba."

Mafundi wakakihamisha kabla ya chakula cha mchana.